Jina Lililoandikwa Kwanza

Siku ya gulio stendi ya Kasulu ilifurika. Isihaka, muuza vitenge kutoka Kibondo, alirudi nyuma na robota begani akagonga kiti cha magurudumu.

"Kaka, hiki ni kiti changu, si mkokoteni wako!"

Aligeuka. Msichana aliyekaa kitini alivaa gauni la njano lililomkaa sawasawa na mtandio wa zambarau, naye alikuwa akijizuia kucheka. Aliitwa Mwanaheri, fundi wa cherehani ya mkono. Miguu yake ilikuwa imepooza tangu utotoni.

"Samahani, mrembo. Nikufidie kitenge?"

"Kimoja? Umegonga magurudumu mawili."

Wakaanza hivyo. Kila asubuhi simu ya Kibondo ililia Kasulu. "Umekula, malkia wangu?" "Nimekula. Wewe wapimie wateja vizuri, usije ukawapunja!"

Ijumaa moja Isihaka alikuta karatasi imebandikwa ukutani chumbani kwa Mwanaheri. Tunu, wa kituo kinachohudumia watu wenye ulemavu, alikuwa akipanga na kila anayemhudumia la kufanya mvua ikibomoa nyumba au moto ukizuka. Karatasi ilisema: Filimbi shingoni. Dawa na vyeti kwenye mkoba mlangoni. Wa kwanza kuitwa: Nduwayezu. Wa pili: Isihaka.

"Nduwayezu ndiye nani?"

"Jirani, fundi wa kuchomelea mageti."

"Atakubeba? Mikononi?"

"Hapana, kwa meno." Mwanaheri akacheka. "Mpenzi, wewe uko Kibondo. Moto hausubiri basi."

Isihaka naye akacheka, lakini kwa shingo upande. Alipotoka alimwona Nduwayezu kifua wazi, mikono imejaa misuli. Huko Kibondo akawa anakata vitenge vifupi kwa mawazo. Akipiga simu akakuta inatumika, alirudia mpaka ipokelewe. "Ulikuwa unaongea na nani?" "Na mama, jamani!"

Wiki iliyofuata alimwendea Nduwayezu kimyakimya.

"Yule ana mwenyewe. Nisikuone mlangoni kwake."

"Shemeji, mimi nina mke wangu, Aline."

"Nimeshasema."

Nduwayezu hakuwa mtu wa ugomvi. Kabla ya wiki kwisha alihamishia mashine yake upande wa pili wa soko.

Jumanne mchana umeme ulipiga shoti kwenye duka la magodoro lililopakana na chumba cha Mwanaheri. Moshi mweusi ukaingia. Alipuliza filimbi; karakana ya jirani ilikuwa tupu. Akapuliza tena. Mwishowe alijiangusha kutoka kitini, akajikokota kwa viwiko mpaka ngazi ya juu ya mlangoni. Nduwayezu alisikia kelele kutoka ng'ambo ya soko, akaja mbio, akamnyanyua. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaungua.

Tunu alimpigia Isihaka. Naye alifika hospitalini jioni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Aline alikuwa ameketi kando ya kitanda, na alikuwa ameshamwambia Mwanaheri kwa nini mumewe alihama.

"Nilipuliza mpaka pumzi ikaniishia," Mwanaheri alisema bila kumtazama. "Nikajiuliza, jirani yangu alihama kwa nini? Kumbe ulimfukuza wewe."

"Ni wivu, mpenzi..."

"Wivu wako ulitaka kunizika. Nenda."

Wiki tatu Mwanaheri hakupokea simu yake. Ndipo Isihaka alipokwenda kwa Nduwayezu, kichwa chini.

"Nilikukosea. Naomba urudi karibu naye."

Nduwayezu alizima mashine yake. "Anza na Aline. Yeye ndiye uliyemvunjia heshima ya nyumba yake."

Isihaka akamgeukia Aline, aliyekuwa ameketi pembeni, akaomba radhi.

Mwezi uliofuata, chumba cha Mwanaheri kikiwa kimekarabatiwa, mashine ya Nduwayezu nayo imerudi jirani, Tunu aliwaita majirani wafanye mazoezi ya kumwokoa. Isihaka alikuja, akasimama kando. Filimbi ikalia. Nduwayezu akaingia, akatoka amembeba Mwanaheri, mkono wake wenye kovu umezunguka shingo ya fundi yule. Isihaka alihisi kama pilipili imemwingia machoni. Alitamani kuondoka. Badala yake alikishika kile kiti chini ya ngazi, akakizuia kwa mikono miwili kisibingirike, mpaka Mwanaheri akaketishwa.

"Umenuna?" Mwanaheri akamuuliza, mara ya kwanza tangu hospitalini.

"Nimenuna sana."

"Lakini umekishika."

"Nimekishika. Na nimepata chumba cha duka hapahapa sokoni. Biashara ya Kibondo nimemwachia kaka yangu."

Mwanaheri akarekebisha mtandio wake.

"Basi waambie wazee wako waje nyumbani. Na waje na adabu zaidi yako."