Picha Isiyokauka

Mwaka 1886, kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Zuleha alipita kufundishwa kuchora nyumbani kwa Champaben, mjane aliyejifunza kazi hiyo kwao Bombay kabla ya kuolewa Bagamoyo.

"Shikamoo, Bi Champa."

"Marahaba, mwanangu. Nawa mikono kwanza."

Sakina, binti wa Bahadurali muuza nguo, naye alijifunza hapo. Wasichana hao wa miaka kumi na miwili walikuwa wakinakili picha moja ya rangi za mafuta: chumba kisicho na mtu, kitanda, mtungi, na mwanga ukiingia dirishani.

Kila mmoja alikuwa na chupa yake ya mafuta ya mbegu za kitani ya kuchanganyia rangi. Mafuta hayo yalitoka mbali. Siku moja Zuleha, ambaye mikono yake haikujua kutulia, aliipiga kumbo chupa yake ikamwagika yote. Hapakuwa na mtu. Akapangusa sakafu, akakimbia kwao, akaijaza mafuta ya nazi ya mama yake ya kupaka nywele. Mafuta ni mafuta, alijiambia, akanyamaza.

Baada ya siku tano picha ya Sakina ilianza kukauka. Ya Zuleha, hata siku ya kumi, ilikuwa mbichi. Ukuta ulikuwa umevurugika na mtungi umechuruzika mpaka mvunguni.

"Kuna mtu anaigusa picha yangu," alisema Zuleha, akimtupia mwenzake jicho la pembeni.

"Mimi? Nikuharibie ili iweje?" Sakina aliuliza.

"Nani mwingine anaingia humu?"

Kesho yake Champaben alikagua vidole vya Sakina, na kesho kutwa yake akamuuliza kwa nini amefika mapema. Chumba kikawa hakikaliki. Zuleha alimchunga Sakina kuliko alivyoichunga brashi yake. Hata Sakina akipiga chafya, alimshuku.

Asubuhi moja ya kipupwe picha ilikutwa imechuruzika tena. Champaben akakunja uso.

"Sakina, kusanya vitu vyako. Kesho usije. Nitazungumza na baba yako."

Sakina akaanza kukusanya brashi zake huku analia. Zuleha akanyoosha mkono kuchukua chupa yake, akaduwaa. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe, kama yanavyoganda ya mama yake siku za baridi. Ya Sakina hayakuganda hata kidogo. Kumbe ni mafuta, si Sakina! Angeweza kuificha chupa kwenye kanga yake, na Sakina alikwisha fika mlangoni.

"Bi Champa, mzuie! Si yeye, ni mimi. Nilimwaga mafuta, nikatia ya nazi."

Champaben aliinusa chupa, akashusha pumzi.

"Mafuta ya kitani hukauka pamoja na rangi. Ya nazi hayakauki hata mwakani. Ungeniambia siku ile ile, mngegawana ya Sakina mpaka yafike mengine. Kumwaga ni bahati mbaya tu, Zuleha. Ulipoficha, mwenzako akaitwa mharibifu. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijamwangukia mtu mwingine."

Kisha akamgeukia Sakina. "Nami unisamehe, mwanangu. Nilikagua vidole vyako, sikukagua chupa."

Zuleha aliomba radhi kwa aibu kubwa, akaikwangua picha yote, akaanza upya. Sakina hakumsemesha siku ile, wala iliyofuata. Siku ya tatu akamsogezea chupa yake.

"Chukua," alisema. "Lakini nakuangalia."