Moto Alioubeba Melania

"Na mimi niliyewalisha miaka miwili, nimeandikwa wapi?"

Melania aliuliza hivyo mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mbele ya wageni wa shirika na kamera zao, siku mdogo wake Paskazia alipokabidhiwa funguo. Spika zilikuwa zinanguruma, wanawake wanapiga vigelegele, na mwenyekiti akageukia upande wa pili kama mtu aliyeitwa.

Tuseme ukweli basi. Jilala, mume wa Paskazia, aliacha mguu wake wa kushoto chini ya duara, shimo la dhahabu, lililoporomoka hapo Mwakitolyo. Tangu siku hiyo yeye, mkewe na binti yao Violeth walikula kwa Melania, mjane anayewapikia wachimbaji wali na maharage kando ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Moshi wa miaka kumi na tano ulikuwa umemwachia macho mekundu, na katika nchi yetu hii mwanamke mwenye macho mekundu anajua watu wanavyonong'ona neno "mchawi" akipita. Lakini shirika lilipokuja kutafuta familia yenye shida lilitaka moja tu, na mguu uliokatika hupendeza kwenye picha kuliko macho mekundu. Paskazia akapewa nyumba ya vyumba vitatu, bati la bluu, paneli za sola juu yake, na jiko la umeme lisilojua moshi. Jilala akapewa gari dogo la otomatiki, la umeme na mafuta kwa pamoja, linalonusa tu pale ambapo magari mengine yanakunywa, ili abebe abiria na wagonjwa hadi Shinyanga mjini.

Melania akapewa fulana.

"Dada, moto," Paskazia alimnong'oneza siku hiyo hiyo. "Bila moto wako siingii humo."

Ndiyo desturi ya ukoo wao: nyumba mpya haiingiwi mpaka dada mkubwa alete kaa la moto kutoka mekoni kwake. Wageni walicheka. Jiko la umeme, moto wa nini tena? Paskazia alishikilia, akatega chungu nyuma ya nyumba, akasubiri.

Melania alifika kwake akakuta majivu matupu. Siku mbili hakuwa amepika. Wivu ulikuwa umemshibisha. Angeweza kuwasha kiberiti. Badala yake alivuka njia hadi kwa mzee Masele, mchoma dhahabu, akakuta ametoka kidogo, jiko lake la bati bado linawaka. Kila mtu wa machimbo anajua kwamba moto uliochoma zebaki na dhahabu hauingizwi nyumbani, maana mwenye mali wa chini, mzimu mwenye dhahabu, huufuata. Mtoto wa miaka sita anajua. Melania alijua. Alisimama juu ya lile jiko, akawaza jinsi macho ya mdogo wake yatakavyokuwa meupe baada ya mwaka mmoja tu, akachota kaa kwa kigae.

"Waonje na wao," alijisemea. "Kidogo tu." Kaa likatiwa kwenye chungu cha Paskazia, familia ikaingia.

Juma halijaisha, taa za sebuleni zikaanza kuwaka saa sita mchana, swichi zikiwa zimezimwa. Fundi akaja, akapima betri, hakuona kasoro. Halafu ikaja harufu ya udongo mbichi wa chini kabisa, ule usioona jua, imechanganyika na chuma kilichoungua. Halafu likaja gari.

"Shemeji, nicheke tu," Jilala alimwambia Melania, akiegemea gongo lake kwenye banda la chakula. "Kiti cha mbele cha abiria kikikaliwa na mtu asiyefunga mkanda, gari linalia. Ting, ting, ting. Sasa linalia nikiwa peke yangu."

"Kawaone mafundi."

"Nimekwenda. Fundi kasimama nje, kiti kitupu, likalia. Ufunguo kanirushia kama nyoka."

"Sasa unafanyaje?"

"Namfunga mkanda." Jilala hakuwa anatania. "Nikimfunga, ananyamaza."

Melania aliendelea kuchambua mchele. Hakuona hata chuya moja.

Siku ya tisa Paskazia alikuja mbio, kanga mkononi, jua la utosi. "Dada, Violeth hali chakula. Siku ya tatu leo. Anaongea na ukuta."

Wakaenda. Na kadiri walivyokaribia lile bati la bluu, Melania alisikia kitu alichotaka kukiita karasha lakini karasha lilikuwa nyuma yake na kitu hiki kilikuwa mbele, chini, ndani ya ardhi, nyundo na tindo, nyundo na tindo, polepole kama mtu anayechimba bila haraka kwa kuwa anajua hakuna wa kumtoa, na alipokanyaga sementi ya sebule mlio ukapanda hadi kwenye nyayo zake, na taa zote zilikuwa zinawaka mchana kweupe, na chini ya taa hizo Violeth alikuwa ameketi sakafuni, midomo mikavu, ameacha nafasi pembeni yake kwenye mkeka, nafasi ya mtu mzima, na mkeka pale ulikuwa umebonyea.

"Shikamoo, mama mkubwa," mtoto alisema. "Mgeni anauliza mbona umechelewa."

"Mgeni gani, mwanangu?" Sauti ya Melania ilitoka ndogo.

"Uliyemleta na kigae. Alikuwa anaota moto kwa babu Masele, ukamwambia twende."

Paskazia aligeuka taratibu, akamtazama dada yake. Mlangoni majirani walikuwa wameshajaa. Walikuwa wamesikia.

Masele aliitwa. Alinusa hewa, akaenda nyuma, akarudi na kile chungu. Ndani ya majivu tone la zebaki lilikuwa linatembea lenyewe, likipanda ukingo.

"Huyu hafukuzwi," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuvamia, kaalikwa. Ataondoka na aliyemwalika, na aliyemwalika aseme kwa mdomo wake kwa nini."

"Mzee, si mbele ya hawa," Melania alinong'ona. "Unajua watanifanya nini. Macho yangu unayaona."

"Nayaona. Mshike mtoto mkono."

Alimshika. Ulikuwa wa baridi kama maji ya duara, na mapigo yake yalikuwa yanafuata nyundo ya chini, polepole, polepole zaidi.

"Niliona wivu!" Melania alipiga kelele. "Mliondoka kwangu mkanenepa kwenye picha, na mimi sikutajwa! Niliona jiko lako halina moshi, Paskazia, nikataka ukohoe! Nilijua moto ule ni wa nini. Nilijua, nikauleta!"

"Mchawi!" mtu akasema mlangoni, na neno likapita mdomo hadi mdomo. Ajabu, hao hao hawakuwa na neno siku ya spika.

Jilala alijikokota kutoka chumbani akasimama mlangoni, gongo juu. "Huyu alinilisha nikiwa sina hata mguu wa kwenda chooni. Anayemtaka apitie hapa."

Hakupita mtu. Taa zikazimika, zote, kwa pamoja. Violeth akapepesa macho, akaomba ugali.

Jioni Jilala alimrudisha Melania kwake, chungu mapajani, kiti cha nyuma. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu na gari halikulia. Lakini kwenye kioo Jilala aliona shemeji yake amejibana mlangoni, kama abiria aliyepewa nafasi finyu.

Paskazia alimfuata kwa miguu. Alisimama nje ya kizingiti, hakuingia. Ndani, Melania alikuwa ameweka chungu pembeni ya mafiga, amekaa chini, hasogei, anasikiliza sakafu yake ya udongo.

"Dada," Paskazia aliita. "Yumo?"

"Yumo. Katulia sasa, jua limeshuka."

Kisha Melania akainua yale macho mekundu.

"Kesho uje kabla ya saa sita," alisema. "Ukae na mimi mpaka jua lipinduke."