Masizi Kwenye Bati la Zahanati

Kila alasiri Winfrida aliteremka bondeni na ndoo, kumtekea maji mama yake, Scholastika, aliyefua mashuka na aproni za wodi ya wazazi kwenye zahanati ya kijiji, si mbali na Mnyambe. Kuteremka si kazi. Kazi ni kupanda. Maji ya kisima cha zahanati, yaliyokingwa kutoka kwenye bati, yalikuwa ya kunawa na kuhudumia wazazi tu.

Zilipoletwa aproni na mashuka ya plastiki kwa majaribio, ya kutumia mara moja na kuchoma, Winfrida alifurahi mno. Mwezi mzima hakushika ndoo. Alicheza rede mpaka akachoka.

Mwisho wa mwezi, muuguzi Emilia alimpa mama fomu ya maoni. Mama hakujua kuandika, kwa hiyo alisema na binti akaandika.

“Andika ni safi, hazichoshi. Ila zikichomwa, masizi yanatua kwenye bati.”

Winfrida aliwaza kurudia kupanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Akaandika: “Hakuna tatizo.”

Wiki iliyofuata mvua ya kwanza ilinyesha. Akienda shule, Winfrida aliona maji meusi yakitiririka kutoka kwenye bati kuingia kisimani. Ndani, mwanamke aliugulia uchungu, na Emilia alikuwa anatoka na ndoo.

“Shikamoo Sista! Usichote!” Akasema yote, huku akilia.

Emilia alichungulia kisimani, akamkabidhi ndoo. “Kimbia bondeni, lete maji.”

Mtoto alizaliwa salama, kwa maji ya bondeni. Mama alipoambiwa, hakumpiga. “Nilikupa maneno yangu, ukaandika ya kwako,” alisema, na Winfrida aliona aibu kuliko kuchapwa.

Waliandika fomu upya. Safari hii mama aliongeza: “Kufua nako kunakula maji, na yanabebwa na kichwa cha mwanangu. Hilo nalo litazamwe.”

Likatazamwa. Kamati ya zahanati iliamua kurudia mashuka ya kufua, ya plastiki yabaki kwa dharura na taka zake zipelekwe kuchomwa kwenye tanuri la hospitali. Kisima kikasafishwa, na likajengwa tangi la maji ya mvua kwa ajili ya kufulia.

“Kifaa cha tiba hakipimwi wodini tu,” Emilia alimwambia Winfrida. “Tunauliza pia kinakula maji kiasi gani, na kikishatupwa kinamdhuru nani. Mama yako aliyasema yote mawili. Ungeandika alivyosema tangu mwanzo, haya yangetazamwa mapema, na ndoo ingekutoka kichwani mapema zaidi.”