Kengele na Timazi

Kila siku saa kumi na robo msichana yule alifungua mlango wa nyumba yao kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akasema, "Hodi!" Hakuna aliyemjibu. Alijua kabisa kwamba hamna mtu ndani, ila mdomo ulikuwa umezoea. Zamani mama yake alikuwa akiitikia kutoka jikoni, "Karibu, mwenye nyumba!" na wote wawili wakicheka.

Mama sasa alikuwa na mwezi wa tatu katika mji mwingine, akimuuguza bibi. Baba, fundi mwashi, alirudi jua limeshazama, saruji hadi kwenye nyusi. Kwa hiyo msichana alivua viatu, akala kiporo chake akiwa amesimama, akafungua daftari mezani. Nyumba ilikuwa kimya, bomba likidondosha tone unalisikia.

Hapo ndipo kifua kilipoanza kuuma. Kitu kama msumari kilichoma upande wa kushoto, kisha kikabana. Mara vidole vyake viwili vikakimbilia kwenye mkono wa pili kutafuta mapigo ya moyo. Moja, mbili, tatu... Kadiri alivyohesabu ndivyo mapigo yalivyokwenda mbio, na kadiri yalivyokwenda mbio ndivyo msumari ulivyozidi kuzama.

Shuleni walimwita Kengele, maana yeye ndiye aliyegonga kengele ya shule. Haikuwa kengele hasa. Ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya juu, na kuifikia ulipanda vidato thelathini na viwili. Tangu maumivu yaanze alikuwa hajapanda hata kimoja. Aliogopa moyo usije ukasimama katikati ya ngazi. Kazi ile akapewa Domo, mvulana asiyenyamaza hata akiwa anatafuna.

Ijumaa mwalimu wa zamu alimwita.

"Sikiliza, mwanangu. Daktari ameandika kwamba ngazi unaweza kupanda. Jumatatu nataka jibu. Ukipanda, kazi ni yako. Usipopanda, Domo anaichukua mpaka mwaka uishe."

"Yeye apumzishe moyo wake wa karatasi, mwalimu," Domo alidakia. "Mimi rimu nimeshaizoea."

"Wewe unaigonga kama unafukuza kunguru," mwalimu alimjibu. "Nenda kakae."

Darasa likacheka. Kengele hakucheka. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake chini ya dirisha, vidole mkononi, akihesabu. Wenzake walishaacha kumwita kwenye michezo. Hawakuwa na ubaya. Walichoka tu kusikia "siwezi".

Hospitalini alikuwa amepimwa kila kitu: moyo kwa mashine, kifua kwa picha, damu kwa sindano. Daktari alisema hakuona ugonjwa. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, alimkalisha kwenye benchi.

"Usidhani tunasema unajisingizia. Maumivu yako ni ya kweli, tena yanauma. Yakikushika ukiwa unakimbia, au ukizimia, mwambie mtu mzima papo hapo, umesikia? Lakini yakija haya ya kawaida, kaa. Nyayo chini. Angalia pumzi inavyoingia na kutoka. Sikia kilicho karibu nawe. Mawazo yakikimbia, yarudishe polepole. Dakika tano kila siku."

Kengele alifanya hivyo wiki nzima. Alikaa, akakunja uso, akavuta pumzi kama anayenyanyua gunia, akangoja maumivu yaondoke. Hayakuondoka. "Hata hili limenishinda," alijisemea.

Jumamosi baba hakutaka kumwacha peke yake, akaenda naye kazini, kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa.

"Leo wewe ni saidia fundi wangu," baba alisema. "Shika hii timazi. Tuone kama ukuta umesimama wima au umelewa."

Timazi ilikuwa uzi mrefu wenye kipande kizito cha chuma chini yake. Kengele alipanda juu ya pipa, akaushikiza uzi juu ya ukuta, akaachia chuma. Kikaanza kuyumba huku na huku. Yeye akainama, akakikamata ili kitulie.

"Acha!" baba alisema akicheka. "Ukikishika, unapima mkono wako. Hupimi ukuta."

"Sasa mbona hakitulii?"

"Kitatulia. Wewe kiangalie tu."

Wakasimama, baba na mwana, wakitazama kile chuma. Kiliyumba sana, kikayumba kidogo, mwisho kikasimama karibu na tofali kama kilichochoka. Kengele alitazama vidole vyake. Tayari vilikuwa vimerudi kwenye mapigo ya moyo.

"Baba," alisema polepole, "nadhani na kifua changu huwa nakikamata hivihivi."

Baba aliweka chini mwiko wake wa saruji. Kengele akaona afadhali aseme yote.

"Bibi anaumwa moyo, si ndiyo? Nilikusikia ukiongea na mama kwenye simu. Ulisema moyo wake umechoka. Nikajua na wangu utakuwa hivyo."

"Miezi mitatu umekaa na jambo hili peke yako?" baba aliuliza. "Mbona hukuniambia?"

"Unarudi umechoka. Na mchana nyumbani hakuna wa kumwambia."

Baba alijipangusa uso, saruji ikazidi kuenea. "Moyo wa bibi una miaka themanini, mama. Wako mashine imeupima, daktari akausifu. Lakini kosa ni langu. Nilikuuliza kifua kinaendeleaje, sikukuuliza wewe unaendeleaje."

Jumatatu Kengele alitoka darasani, akaanza kupanda. Kwenye kidato cha kumi na tisa msumari ukachoma. Vidole vikataka kukimbia. Akakaa palepale, akavituliza juu ya magoti. Ngazi ilikuwa baridi. Chini, watoto wadogo walisoma kwa pamoja, mmoja akibaki nyuma kila mara. Pumzi iliingia puani, ikatoka. Maumivu yalikuwepo. Hakuyafukuza. Akayaangalia yakiyumba sana, kisha kidogo. Hayakuisha yote, lakini miguu ilikubali kusimama. Akapanda vidato kumi na vitatu vilivyobaki, akainua nondo ya kugongea, akaigonga rimu mara tatu.

Mwalimu wa zamu alikuwa chini, saa mkononi. "Umechelewa dakika mbili."

"Ndiyo, mwalimu. Kifua kilinibana nikakaa kwenye ngazi mpaka kikapungua."

"Basi kesho toka darasani dakika mbili mapema. Kazi ni yako."

"Haya, masikio yetu yamepona," Domo alisema, na safari hii Kengele alicheka pamoja nao.

Jioni aliposimulia, baba alimkalisha karibu naye.

"Shika neno hili, mwanangu. Maumivu yakija, yape nafasi uyaone, usiyakabe koo. Na hofu usiifungie ndani. Mashine ya daktari inaona moyo, haioni hofu. Hiyo mpaka mwenyewe uitoe mdomoni, kwa mtu unayemwamini."

Kesho yake, saa kumi na robo, Kengele alifungua mlango. "Hodi!" Nyumba ikanyamaza kama siku zote, na kifua kikabana kidogo. Akakaa, nyayo chini, akasikiliza bomba likidondosha. Tone. Pumzi. Tone.

Juu ya meza kulikuwa na simu kuukuu ya baba, aliyoiacha asubuhi bila kusema kitu. Ikalia. Kengele akaipokea.

"Karibu, mwenye nyumba!" ilisema sauti ya mama.