Pumzi ya Stelingi

Kila Jumatatu kabla ya kengele, watoto wa mtaa wa Mbotela walimzunguka Ngigi awasimulie sinema iliyoonyeshwa uwanjani na lile gari la kutangaza sabuni. Kusema kweli, Ngigi alikuwa na domo. Jumatatu hiyo alisimulia jinsi stelingi, yaani shujaa wa sinema, alivyojificha chini kabisa ya mto akivuta pumzi kwa tete refu, huku adui wakimpita juu.

"Uongo!" Syombua akadakia. "Kule chini maji yangembana kifua. Hukuona ule mkebe wa maji Mwalimu Nerima aliotoboa darasani? Tundu la chini ndilo lililorusha maji mbali zaidi. Ukizidi kwenda chini, maji yanazidi kusukuma."

"Wacha hizo, Profesa Mkebe!" Ngigi akamkata.

Wote wakaangua kicheko. Kufikia jioni hata vitoto vya bombani vilimwita jina hilo. Syombua alibeba ndoo yake akifoka kimoyomoyo. Hakutaka kuombwa msamaha, la. Alitaka Ngigi aumbuke mbele ya watu wote, tena aumie kidogo.

"Kama stelingi aliweza, wewe unashindwa na nini?" alimwambia Ijumaa, wenzao wakisikia. "Twende Kware, kwenye timbo la mawe lenye maji. Mpira wa kupumulia nitaleta mimi."

Ngigi angekataaje? Kesho yake alifungwa jiwe kiunoni ili asielee, na kamba kifuani. Syombua akaishika kamba ile. Walikubaliana kwamba Ngigi akiitikisa, avutwe. Akauma ncha ya mpira, akazama.

Punde kamba ikatikisika. Syombua akatabasamu. Mwache aonje kwanza, alijiambia, na ilikuwa tamu jamani! Ikatikisika tena, kwa nguvu. Kisha ikalegea.

Utamu wote ukamtoka. Akapiga mayowe, akavuta, wenzake wakavuta, na Matheka, mchonga mawe wa pale, akaja mbio kuwasaidia. Ngigi alitolewa midomo imekuwa ya kijivu. Matheka alimlaza ubavu. Akatapika maji, akakohoa, kisha akalia kama mtoto mdogo. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu Mwalimu Nerima aliwaita wote wawili.

"Nisamehe, Ngigi," Syombua alisema. "Ulipotikisa mara ya kwanza niliona. Nilikuacha makusudi."

"Na mimi nilikutukana bure," Ngigi akajibu. "Ulisema kweli."

"Ngigi," mwalimu akasema, "sinema ni mchezo wa kamera. Utazame, ufurahi, kisha uulize. Lakini wewe hukujua." Akamgeukia Syombua. "Wewe ulijua. Kwa hiyo kosa lako ni kubwa kuliko lake. Nilikufundisha nguvu ya maji ili mwenzako akikosea umshike mkono kabla hajaingia, si ili usimame ukingoni umngoje azame."