Kofianuru na Mtani wa Mzee Mihayo

Kofianuru haikuzidi uzito wa kilemba cha hariri. Ndani yake zilishonwa taa ndogo mia mbili, na kando ya kila taa jicho la kupokea. Zikiwashwa huoni kitu, maana mwanga wake ni wa infraredi, ule ambao macho ya binadamu hayaupati. Unaingia kwenye ngozi, unapenya fuvu bila kuumiza, unagusa ubongo juu juu, kisha unarudi kwenye yale macho ya kofia. Ubongo ukifanya kazi huita damu yenye oksijeni, na damu hiyo humeza mwanga tofauti na damu iliyochoka. Mashine hupima kilichorudi na kuchora mistari miwili kwenye kioo, mwekundu na wa buluu. Mwekundu ukipanda na wa buluu ukishuka, ujue hapo kuna mtu anafikiri. Hakuna sindano wala kisu. Morogoro ya mwaka 2091 ililichukulia hilo kawaida kama kupima presha.

Dokta Namsifu Mrutu alikuwa amewavalisha watu kofia hiyo kwa miaka tisa. Asubuhi hiyo alimvalisha Mzee Mihayo Kasubi, fundi mstaafu wa reli, Mnyamwezi wa Tabora, aliyepigwa na kiharusi na sasa alikuwa na miezi mitano hasemi wala hafumbui jicho. Lilikuwa jaribio lake la tatu na la mwisho. Utaratibu ulitaka mgonjwa asikilizishwe sauti za wanaompenda, kwa upole, chumba kizima kikiwa kimetulia. Mistari isipotikisika katika majaribio yote matatu, anaandikwa "kimya", mazoezi yanasimamishwa, anapandishwa ghorofa ya saba. Huko roboti wauguzi humlisha kwa mpira na kumgeuza ubavu mpaka siku yake ifike. Hakuna aliyewahi kushuka kutoka huko.

"Baba, ni mimi Kalunde," bintiye alinong'ona karibu na sikio. "Tunakupenda sana. Pumzika, baba yangu."

Mistari ilinyooka tu. Namsifu akavuta fomu ya kusaini.

Mlango ukasukumwa bila hodi. Akaingia bibi mmoja mfupi, kanga mbili mwilini, mkeka kwapani.

"Yuko wapi mtumwa wangu?"

"Shikamoo, mama," Namsifu alisema akiinuka. "Samahani, hapa panatakiwa utulivu."

"Marahaba. Mimi Tausi Pazi, Mzaramo. Huyu mtani wangu tangu tuko karakana ya reli, miaka arobaini ananila kichwa. Nasikia leo mnampandisha. Nimekuja kudai haki yangu: godoro hili nalichukua, na nikitoka hapa nachinjiwa kuku."

Namsifu alimgeukia Kalunde, akitegemea watasaidiana kumtoa. Kalunde akatikisa kichwa.

"Mwache, dokta. Kwetu mtani hafukuzwi msibani."

"Lakini huu si msiba."

"Ninyi ndio mmeufanya msiba," Kalunde alisema. "Miezi mitano tunamnong'oneza kama maiti."

Bi Tausi alishaweka mkeka chini na kumwinamia mgonjwa, sauti yake ikajaa chumba.

"We Mnyamwezi! Babu zako walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, wewe umeshindwa kubeba kichwa chako tu? Hebu ona sura, kama mchembe wa viazi uliosahaulika juani! Mvivu mkubwa! Ungejifia basi tule pilau, hata hilo limekushinda?"

Haki ya Mungu, Namsifu aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Alinyoosha mkono azime mashine. Damu huchukua sekunde tano, sita kufika mahali ubongo unapoihitaji, na sekunde hizo zilipokwisha mstari mwekundu ukainuka. Wa buluu ukazama. Ilikuwa upande wa kushoto, mbele, pale mtu anapotunga maneno yake.

"Anatafuta jibu," Namsifu alisema.

"Hana jibu huyo! Lini aliwahi kuwa nalo?" Bi Tausi alicheka, akacheka, kisha akakumbatia miguu ya Mzee Mihayo na kulia kama mtoto. Kalunde naye akalia. Namsifu akachana ile fomu.

Baadaye alikaa peke yake kwenye korido, na ya zamani yakamrudia. Alimkumbuka bibi yake Mpare pale soko la Same, ambaye hakuweza kumpita Mchaga bila kumtolea maneno, na Mchaga akamrudishia, wakaachana wamefurahi. Alikumbuka mazishi ya babu, Mchaga mmoja alivyojilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe soda, na waombolezaji wakacheka machozi yangali mashavuni. Yeye alikuwa binti wa shule, aliona ni ushamba. Leo alitamani sana kuisikia kelele ile. Katika mji huu wa sasa watu wanazungumza taratibu kama walio ndani ya lifti. Fomu ziliacha kuuliza kabila kitambo, na kwa nia njema kabisa, lakini utani wa makabila nao ulikuwa umekwenda zake bila mtu kuuaga.

Akachukua kofia yake, akapanda ghorofa ya saba.

Kulikuwa na vitanda arobaini na moja, na karibu fomu zao zote zilikuwa na saini yake. Cha kwanza kilikuwa cha Mzee Ndewirwa Temu, wa Marangu, aliyeandikwa kimya miaka miwili iliyopita. Namsifu alimvalisha kofia, akawasha.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa mazoea. Mistari ikalala.

Hakuwahi kumtukana mtu mzima maishani mwake.

"We Mchaga! Krismasi mbili zimepita hujapanda mlimani. Migomba imekauka, mbege yako tumeinywa sisi Wapare. Au na wewe umehamia Upareni kimyakimya?"

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Mwekundu ulipanda, ukapita hata ule wa Mzee Mihayo.

Namsifu aliushika mkono wa mzee. Miaka miwili mtu huyu alikuwemo humu, anageuzwa ubavu na mashine, anangoja mtu wa kumchokoza. "Nisamehe, baba," alisema, na machozi yakamshuka. Kisha akatazama vitanda vingine arobaini. Majina ya pili aliyatambua: wa Bukoba, wa Newala, wa Songea. Nani humtania nani, hakujua.

Akamwita muuguzi wa zamu, aliyekuwa dirishani akikagua roboti.

"Dada, niambie, Mhaya mtani wake nani?"

Muuguzi alimtazama kwa adabu.

"Mtani ndiyo nini, dokta?"