Mama Mwenye Nafasi

Walikutana kwa kugombea karatasi.

Duka la kuchapisha ramani lilifurika watu mchana ule. Mashine zilinguruma, foleni haikuwa na kichwa wala mkia, na karani, jasho likimtoka, aligawa misokoto ya karatasi bila kutazama uso wa mpokeaji. Mshonaji mmoja, binti mwenye gauni la bluu lililomkaa kana kwamba alizaliwa nalo, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua, alikuwa amekuja kununua karatasi kubwa zilizoharibika, zile anazokatia vielelezo vya nguo. Alipewa msokoto wake, akaubana kwapani, akashika njia. Hakufika mlangoni.

"Samahani, dada. Hiyo ni nyumba yangu."

Aligeuka. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina makali.

"Nyumba gani? Mimi nimebeba karatasi."

"Ni ghorofa mbili na baraza. Ukiikata, familia ya watu itakosa pa kulala."

"Waambie wahame mapema. Nimeshaipangia gauni la bibi harusi."

Kijana alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu asiyecheka ovyo. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba katika ofisi moja ya wahandisi. Ramani aliipata, lakini alirudi kazini akiwa na namba ya simu ya mshonaji na bila kofia yake, aliyoisahau juu ya kaunta. Tangu siku ile binti alimwita Rula, kwa urefu na kunyooka kwake. Naye akamwita Sindano, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Umekula, Sindano?" angeuliza kwenye simu saa za mchana.

"Nimekula maneno yako ya asubuhi."

"Maneno hayashibishi."

"Basi njoo na chakula, uache kunipigia simu tupu."

Sindano alikuwa na kila sifa ambayo mwanaume mwenye akili angeitafuta, na moja ambayo angeikimbia. Alikuwa na wivu. Hakuwa mgomvi, wala hakupekua simu ya mtu. Wivu wake ulikuwa wa kifundi. Unywele mmoja begani angeuona kutoka ng'ambo ya barabara, na akikuta kifungo kimeshikizwa kwa uzi usio wake, angeuliza kwa upole kimeshonwa na nani. Rula alizoea. Alisema mwanamke asiyemwonea wivu ni sawa na mlango usio na kitasa.

Kisha ukaingia msimu wa harusi, na chumba cha ushonaji kikajaa vitambaa hadi dirishani.

"Jumapili tukae kidogo, mpenzi," Rula alimwambia. "Nina jambo nataka tuzungumze."

"Sina nafasi, Rula. Nina magauni ya wasimamizi, na kila mmoja ananenepa kwa wakati wake."

"Wiki ijayo?"

"Wiki ijayo ndiyo sina nafasi kabisa."

Rula hakuuliza tena. Siku chache baadaye alileta suruali mbili za kupunguzwa kiuno, akaziacha, akaondoka na tabasamu la upande mmoja. Mdarizi, mama wa makamo aliyekodi nusu ya chumba kile, alizitazama suruali, kisha akamtazama Sindano.

"Mwanaume anayepungua bila kuumwa, mwanangu, ujue kuna mtu anampunguza."

"Dada mkubwa, shona maua yako."

"Mimi nashona. Masikio yako ndiyo nimeyashikiza."

Suruali zilipokwisha, Sindano alizipeleka mwenyewe. Jua lilikuwa bado juu. Mlango wa Rula ulikuwa wazi nusu. Yeye alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma, mgongo kwa mlango, simu sikioni, na sauti yake ilikuwa laini namna ambayo Sindano alidhani ni mali yake peke yake.

"Huyo mama nimempenda, sikufichi," alikuwa akisema. "Najua ni wa gharama. Lakini hawa wa bei rahisi nimewachoka, hawadumu... Eeh. Na akikesha kazini hapandi joto? ... Vizuri. Kwangu mimi cha maana awe na nafasi. Ana nafasi? ... Basi huyo huyo. Suala la bwana usijali, nimeshalimaliza. Mfiche, asionekane na mtu. Jumamosi asubuhi nakuja kumchukua."

Sindano alizitundika suruali kwenye kitasa, akashuka ngazi polepole. Alikuwa amesikia mengi, lakini lililomchoma halikuwa bwana, ingawa mke wa mtu ni balaa tosha. Lililomchoma lilikuwa nafasi. Huyo mama alikuwa nayo. Yeye ndiye aliyekosa.

"Alitaja jina?" Mdarizi alimuuliza siku iliyofuata.

"Alisema mama tu."

"Basi ni mtu mzima. Hao ndio wa kuogopa, wana subira."

Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja njiani. Sindano alimpigia Rula mchana ule, akiwa na pini mdomoni ili sauti isitoke vizuri.

"Jumamosi uko wapi?"

"Jumamosi... nina mzunguko mdogo wa kikazi."

"Ofisi yenu hufungwa Jumamosi."



"Ni kazi ya nje kidogo," alisema Rula. "Mbona unauliza hivyo, kipenzi?"

"Nimeuliza tu. Suruali zimekukaa?"

"Zimenikaa vizuri sana."

"Vaa ile ya kijivu. Inakupendeza ukiwa kazini."

Jumamosi, Sindano alivaa kama mtu anayekwenda kushinda kesi. Gauni la kijani, kola ya kusimama, viatu vyenye kisigino cha kutangulia kusikika. Aliifuata suruali ya kijivu kutoka mbali: ikavuka barabara, ikapita kituo cha mafuta, ikaingia jengo la ghorofa tatu linalouza kompyuta na viungo vyake. Akashangaa kidogo. Mahali pa kuvunjia ndoa za watu ni pengi, lakini hapa hakupatarajia.

Ndani kulikuwa na kaunta za kioo zilizobanana, nyaya zilizofungwa mafungu kama mboga, feni zenye taa za rangi, na wauzaji wanaoita kila apitaye kaka na dada. Rula alikuwa ameegemea kaunta ya mwisho, anacheka. Mbele yake alikuwa muuzaji, msichana mzuri. Sindano alimkagua kwa mtazamo mmoja: blauzi ya rangi ya maziwa, pindo limeshonwa kwa haraka, lakini shingo, kusema kweli, shingo ilikuwa ya kuvalishwa chochote.

"Kaka yangu," muuzaji alisema, "mama wako nimekufichia tangu juzi. Jana alikuja mtu akamtaka, nikamwambia ana mwenyewe."

"Mtoe nimwone."

"Namtoa. Lakini usimshike usoni, mshike kingo."

"Na mimi nimwone," alisema Sindano.

Rula aligeuka. Rangi ilimtoka, ikarudi, ikatoka tena.

"Sindano. Umefikaje hapa?"

"Kwa miguu. Mama yuko wapi? Na bwana wake anajua?"

Muuzaji, aliyekuwa ameinama, aliinuka na sanduku la bapa mikononi. Aliwatazama wote wawili, akaliweka kwenye kioo, akalifungua. Ndani, juu ya sponji, kulilala bamba jeusi lenye mistari myembamba ya shaba, vyuma vizito vya kupozea joto, na katikati kitundu cha mraba.

"Huyu hapa, dada," alisema. "Mama ndiye huyu."

Mafundi wa jengo lile walichoka kutamka madabodi, bamba kuu la kompyuta, kutwa nzima, wakaliita mama, kwa kuwa kila kiungo cha kompyuta hukaa juu yake na kula kwake. Prosesa, kile kijibamba chenye akili, walikiita bwana, nacho lazima kiingie kwenye soketi ya mama, kile kitundu cha katikati, bila kulazimishwa. Wala hawakusema "hii". Walisema "huyu", kama vile anapumua.

Sindano alilitazama bamba. Kicheko kilimfika kooni, akakikataa.

"Huyu ndiye hapandi joto?"

"Huyu," alisema Rula kwa aibu. "Ulinisikia?"

"Na nafasi?"

Muuzaji alionyesha kwa ukucha. "Nafasi za memori, nne. Atajaza mbili sasa, mbili zikae wazi. Kaka anachora nyumba za kuzungushwa pande zote, kompyuta inakesha inapika picha. Mama dhaifu ataungua. Halafu tangu aache kazi ofisini anataka kitu cha kuanzia..."

Aliziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Sindano hakumwangalia tena muuzaji. Alimwangalia Rula, na safari hii hakukagua nguo. Aliona mashavu yaliyoingia ndani.

"Umeacha kazi."

"Mwezi uliopita."

"Na huyu dada anajua."

"Alijua kwa sababu aliuliza kompyuta naijengea nini."

"Afadhali ingekuwa mke wa mtu," alisema Sindano polepole. "Mke wa mtu ningemwelewa. Jambo kubwa kuliko yote maishani mwako umelisema kwenye kaunta. Mimi nimepata nini? Suruali za kupunguza."

"Nilitaka kukwambia. Ulikuwa huna nafasi."

"Ungesema ni jambo hilo."

"Ningesemaje? Shangazi yako aliniambia mbele yako kwamba haozi binti kwa mtu asiye na kazi ya kueleweka. Ukacheka. Nikasema nitaanza kwanza, nipate nyumba moja ya kuchora, ndipo nije na uso." "Nimekuwa siwezi kula, Sindano. Niliogopa ukijua utaondoka."

"Na kunidanganya uliona ndiko kutakakonifanya nibaki."

Rula aliinamisha macho kwenye bamba. Muuzaji alijifanya kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Sindano angeweza kuondoka. Visigino vilikuwa tayari, na Mdarizi angemfariji kwa wiki nzima, akifurahi kimoyomoyo. Lakini alikumbuka Jumapili ile, na ile nyingine, na jinsi alivyosema "sina nafasi" bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Wivu wake wote alikuwa ameuelekeza kwa wanawake wasiokuwepo. Hakuwahi kuulinda mlango ambao Rula alipitia akiwa peke yake na hofu yake.

"Ni huyu tu?" aliuliza ghafla. "Au kuna wengine?"

"Kuna huyu wa juu," alisema muuzaji, akatoa sanduku kubwa zaidi. Bamba lake lilikuwa na kioo na urembo wa taa. "Na kuna wa chini yake, mzuri, ila nafasi mbili tu."

"Taa za nini? Anakwenda disko?"

"Za kupendeza, dada."

"Zitapendeza ndani ya sanduku lililofungwa?" Sindano alilisogeza kando. Akamgeukia Rula. "Niambie tofauti. Mimi, siyo yeye."

Rula alimweleza, mwanzoni kwa kusitasita. Kwamba wa chini angemtosha leo. Kwamba huyu wa kati ana umeme uliotulia na vyuma vya kutosha kupoza kazi ndefu. Kwamba bwana wa sasa akizeeka, soketi hiyo hiyo itampokea mwingine mwenye nguvu zaidi. "Lakini ninalipia nafasi nisizozitumia," alisema. "Ndiyo maana nimekuja mara nyingi. Naona kama nanunua ukumbi kwa ajili ya wageni ambao sijawaalika."

"Gauni likikatwa sawasawa na mwili wa leo, mwaka kesho ni la kutupa," alisema Sindano. "Fundi mzuri huacha kitambaa ndani ya mshono. Hakionekani na mteja analalamika amekilipia. Akinenepa, anarudi kunishukuru. Kazi yako itanenepa au haitanenepa?"

"Nataka inenepe."

"Sikuuliza unataka nini."

Rula alinyooka. "Itanenepa."

"Basi chukua huyu." Alimsukumia muuzaji sanduku la kati. "Na shangazi nitamwambia mimi, leo, kabla hujapata muda wa kuogopa. Atapiga kelele, atachoka. Ila ujue neno moja, Rula. Siku nyingine ukiwa na hofu, ilete kwangu kwanza, hata kama nina pini mdomoni. Nikisema sina nafasi, kaa hapo hapo mlangoni nikuone."

"Nimekosa, mpenzi."

"Na mimi nimekosa. Usinisubirishe niseme mara mbili."

Muuzaji alivuta kitabu cha udhamini na kalamu. "Namba ya simu ya mteja, tafadhali. Mama akileta matatizo, sisi ndio tunapiga."

Rula alifungua mdomo.

"Andika yangu," alisema Sindano, akazitaja tarakimu taratibu, moja moja, akihakikisha zote zimeandikwa.

"Na hapa wanataka uhusiano na mteja. Niandike dada yake?"

"Andika mke."

Kalamu ilisimama. Muuzaji alimtazama Rula, naye Rula alimtazama Sindano kama mtu aliyeona nyumba aliyoichora imesimama ghafla barabarani.

"Hongereni," alisema muuzaji. "Kumbe mmeoana."

"Udhamini ni wa muda gani?"

"Miaka mitatu, dada."

"Andika tu," alisema Sindano. "Hautakwisha kabla ya harusi."